Kaka, Dada na Mama: Safari ya Tijara Bombay

Jioni hii nimeombwa nizungumze nanyi habari za safari ya biashara kwenda Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai. Walakini sisi watu wa pwani tulilipokea jina la kwanza kutoka vinywani mwa mabaharia na wauza nguo kabla hatujauona mji wenyewe kwa macho, na ulimi wetu umekataa kugeuka. Na kwa kuwa hata huko huko, katika mitaa ya masoko makongwe, nimewasikia wazee wenyeji wakisema Bombay bila ya kuona haya, nataraji nitasamehewa nikifuata mazoea yangu.

Juzi alinijia barazani kijana wa mtaani kwetu, mwana wa marehemu rafiki yangu, ambaye amejaaliwa kukusanya mtaji mdogo na sasa ataka kwenda Bombay kwa mara ya kwanza, kununua vitambaa na kutafuta mnunuzi wa choroko na mbaazi. Alikuja na daftari na kalamu, akaniuliza bei za vyumba, nauli za teksi, na kama chakula chao kina pilipili nyingi. Nikamjibu yote hayo kwa muda usiofika robo saa, kwani ni mambo ambayo mtu akikosea leo hujirekebisha kesho, kisha nikamwambia, "Mwanangu, jambo la kulichunga Bombay si lile utakaloliona geni. Geni utaliogopa, na ukiliogopa utauliza. Lichunge lile utakalodhani walijua." Akaliandika daftarini, lakini nilimwona usoni kwamba hakunielewa, na ni kwa sababu yake nimekubali kuja kukaa mbele ya kipaza sauti hiki.

Mtu wa pwani akishuka Bombay hukutwa na jambo ambalo halimpati akishuka London wala Guangzhou, nalo ni kwamba masikio yake humdanganya kuwa hajatoka kwao. Atakaa mkahawani, na kutoka meza ya pili, katikati ya maneno asiyoyafahamu, zitamjia hesabu, wakili, sabuni, kalamu, dawa, tayari, barafu, duka, kila moja kwa matamshi yaliyopinda kidogo, kama jamaa uliyemzoea na kanzu akakujia amevaa suti. Maana Waarabu na Waajemi waliwauzia wao na sisi kutoka ghala moja. Kisha yako maneno tuliyopewa na Wahindi wenyewe, nasi tukayafanya yetu hata tukasahau asili yake: pesa, gari, bima, hundi, laki. Mgeni akiyasikia hayo moyo wake hutua, hukaa kitako, hunywa chai yake, na pale pale ndipo mtego ulipotegwa.

Mimi ulininasa siku ya pili ya safari yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepewa barua ya kunitambulisha kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kutch, huko Gujarat, mfanyabiashara wa nafaka na nguo, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili katika mtaa wa Masjid Bunder. Kwani ijapokuwa soko kuu la nafaka na viungo lilikwisha hamishiwa Vashi, ng'ambo ya hori, ofisi nyingi za zamani zilibakia pale pale zilipoachwa na mababu. Nikaingia, nikavua viatu, nikakaribishwa. Mara kijana mmoja akamwelekea yule mzee mwenye mvi na miwani na kumwita "dada". Nikashtuka, nikadhani ni dhihaka ya watoto wa mjini, nikaangalia chini nisije nikaonekana nimesikia. Punde akaingia karani wa hesabu, mtu wa makamo mwenye kitambi, wote wakamwita "kaka", nami nikafurahi kuona kuwa angalau hilo liko mahali pake. Halafu nikaambiwa kwamba shauri langu la vitambaa halitakwisha mpaka afike mama, naye yuko njiani kutoka Surat. Basi nikajiweka sawa, nikafunga kifungo cha shati, nikatayarisha maneno ya kumwamkia bibi mheshimiwa. Mlango ukafunguliwa, akaingia bwana mwenye masharubu yaliyofika mashavuni.

Wasikilizaji, dada kwa Kigujarati ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo, yaani ami. Na mama ni mjomba! Kwa mshangao nikajikuta nimesema kwa Kiswahili, "Nani?", na yule kijana, kwa adabu kubwa, akanijibu kwamba nani hajambo, yuko Bhuj, magoti tu ndiyo yanamsumbua, kwani nani kwao ni bibi mzaa mama.

Tulicheka sote walipofahamishwa, na kicheko kile kilinifaa kuliko ile barua. Walakini usiku, nikiwa kitandani katika nyumba ya wageni karibu na Mohammed Ali Road, nilijiuliza: ikiwa nimekosea katika mama, ambaye kosa lake lilionekana mara tu mlango ulipofunguliwa, nimekosea katika mangapi mengine ambayo mlango wake bado haujafunguliwa?

Sina budi niseme kidogo juu ya mambo yaliyopita, maana uzoefu huu baina yetu na wao si wa jana. Pepo ndizo zilizotufunga pamoja. Kaskazi ilivuma kuanzia Disemba na kuleta majahazi kutoka Kutch na Bombay, na kusi ilipoingia ikayarudisha, na baharia aliyechelewa alilazimika kungoja, kwa kuwa kati ya Juni na Julai bahari ya upande ule huchafuka hata vyombo vya tanga havikuthubutu kuikaribia pwani ya India. Hata sasa, ambapo ndege inakufikisha kwa saa sita hivi, musimu haujamwacha mtu huru. Mvua za Bombay huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, na zikishuka zinashuka kweli kweli, kama ilivyokuwa tarehe 26 Julai 2005, siku ambayo katika kituo kimoja cha kupimia zilianguka milimita 944 kwa muda wa saa 24, reli zikazama, na watu wakatembea kwa miguu usiku kucha maji yakiwa viunoni. Mwenye kwenda kununua nguo asiende Julai, labda kama anataka kuzinunua zimekwisha fuliwa.

Katika pepo hizo walikuja wale Mabaniani, Makhoja, Mabohora na Waparsi ambao bila wao historia ya tijara ya Unguja haisimuliki. Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch, nyumba yake ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19, na baadaye Tharia Topan, Mkhoja, akaishika. Na nyuma ya wengi kama hao, mkopo na bidhaa vilitoka Bombay, na hundi iliyoandikwa Unguja ikalipwa huko kwa neno la mtu na saini yake. Rupia ndiyo iliyokuwa sarafu yetu. Unguja iliendelea nayo hadi mwaka 1936 ilipobadilishwa kwa shilingi, na nyanya yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiwa bado anapima bei ya kuku kwa rupia, ingawa kichwani mwake tu.

Wala si wao pekee waliosafiri. Wako wetu waliokwenda, wengi wao bila ya hiari. Sidi Mubarak, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, aliuzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi akapelekwa Gujarat, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Unguja akiwa anasema Kihindi kwa ufasaha, na Wazungu waliotaka kuyaona maziwa makuu, Burton na Speke, na baadaye Stanley na Cameron, wote walimtegemea; jina alilojulikana nalo mpaka kufa ni Bombay. Na yuko mwingine wa daraja nyingine kabisa. Sayyid Barghash bin Said, aliposhindwa mwaka 1859 kumpokonya ndugu yake Sayyid Majid kiti, Waingereza walimpeleka Bombay akakaa huko kiasi cha miaka miwili, na alipotawala kuanzia 1870 aliuletea mji wa Unguja maji ya mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji; na wengi wanaoandika tarikhi husema kwamba aliyoyaona uhamishoni hayakumtoka machoni. Mimi nalisadiki hilo, kwa sababu sijapata kumwona mtu aliyekaa Bombay muda mrefu akarudi bila ya kuanza kuulaumu mji wake kwa jambo fulani.

Sasa turudi ofisini kwa yule mzee, maana mlango wa pili ulifunguliwa siku ya nne.

Tulikuwa tumekwisha chagua vitambaa, nikavishika, nikavinusa, nikavivuta kwa vidole kama nilivyofundishwa, tukazungumza bei kwa yadi, na nikaamini kwamba tumeafikiana. Karani, yule kaka, akapiga hesabu ya shehena nzima pamoja na gharama za kufunga na kupeleka bandarini, akaniwekea karatasi mbele yangu. Iliandikwa rupia 12,50,000. Nikaitazama. Kumi na mbili, mkato, hamsini, mkato, sifuri tatu. Akili yangu, iliyosomeshwa kwamba baada ya mkato sharti zije tarakimu tatu, ikahukumu kwamba karani amesahau sifuri moja, nami kwa ukarimu nikamwongezea. Nikasoma milioni kumi na mbili na nusu, nikahisi damu inapanda kichwani, nikakunja karatasi, nikasimama, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa redioni kuhusu watu wanaokula wageni. Nikashuka ngazi. Nilikuwa nimekwisha fika kwenye mkokoteni wa muuza vitunguu ndipo yule kijana aliponikimbilia, ananishika mkono, "Bhai, bhai, dada anakuita!" nami, licha ya hasira, nikakumbuka kuwa dada ni babu, nikarudi.

Mzee hakukasirika. Alinikalisha, akaagiza chai, akachukua kalamu, akaandika 1 na sifuri tano, akaweka mkato baada ya moja na mwingine baada ya sifuri mbili, akaniuliza kwenu hii yaitwaje. Nikamwambia laki. "Basi," akasema, "sisi twahesabu kwa laki." Elfu mia ni laki moja, na laki mia ni karori moja, mikato yao hufuata hesabu hiyo, tatu mwisho na baadaye mbili mbili, na kwa hiyo karatasi yangu ilisema laki kumi na mbili na elfu hamsini, bei ile ile niliyoikubali kwa mdomo nusu saa nyuma.

Laki! Neno nililolijua tangu utotoni. Tunasema malaki ya watu walihudhuria, tunalitia katika mashairi, lakini hatuhesabu kwalo, tumelifanya pambo. Nao wamelibakisha kuwa chombo cha kazi, na siku chombo kile kilipowekwa mbele yangu nikashindwa kukitambua. Aibu niliyoipata haikuwa ya ujinga wa jambo geni, ilikuwa ya mtu aliyempita nduguye njiani asimjue.

Mlango wa tatu ni mdogo, lakini umewagharimu watu wengi kuliko huo. Katika Kihindi neno kal maana yake ni kesho. Maana yake pia ni jana. Vivyo hivyo neno moja hutumika kwa juzi na kwa keshokutwa, na mwenyeji huifahamu siku kwa kitendo kinachofuata, ikiwa mzigo umekwenda au utakwenda. Nawaulizeni, mtu ambaye Kihindi chake chote amekiokota katika sinema na madukani, akiuliza kwa simu mzigo wake uko wapi na akajibiwa kal, atapumzika au atavaa viatu? Mimi nilipumzika siku mbili. Tangu hapo nikiuliza habari ya siku, naomba tarehe, na nikipewa tarehe, naomba iandikwe. Na sijapata kuona mfanyabiashara wa Bombay aliyechukizwa kwa kuombwa maandishi, maana wao wenyewe hawaishi bila ya daftari.

Na kichwa pia husema. Akikutikisia kichwa huku na huku, kana kwamba kinataka kudondoka begani, usidhani amekataa. Aghalabu amekubali, au amesikia, au anakuheshimu asikukatize. Lipi kati ya hayo matatu, hilo sina kanuni yake, na nimekwenda mara nyingi.

Juu ya namna ya kuafikiana bei, sitasema mengi, maana kila mtu ana tumbo lake la kupatana. Masoko ya zamani hayafunguki mapema, saa nne na nusu au saa tano ya asubuhi ndipo wenyewe wanapoanza kukaa, na kazi huendelea mpaka usiku. Chai huletwa katika bilauri ndogo isiyojaa, waiitao "cutting", na kuikataa si kosa la jinai, lakini atakayeikataa atakuwa ameikataa nusu saa ya maneno ambamo bei huzaliwa. Kwani utaulizwa habari za baba yako, watoto wako wangapi, mvua kwenu zimenyeshaje, na wewe ukidhani ni porojo tu, mwenzako anapima kama wewe ni mtu wa kurudi mwakani. Zamani wauzaji wa lulu, wa Ghuba na wa Bombay, walipatana kwa kushikana mikono chini ya kitambaa, kila kidole na kila mfinyo una hesabu yake, huku nyuso zao zikizungumza mambo mengine kabisa. Kitambaa kimeondoka katika sehemu nyingi. Desturi ya nyuso kuzungumza mengine haijaondoka.

Kuhusu kwenda huku na huku mjini, yatosha kusema kwamba Bombay ni kamba ndefu iliyolala kutoka kusini kwenda kaskazini, na treni ndiyo mshipa wake. Reli ya kwanza ya abiria katika India ilifunguliwa hapo tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, na tangu siku hiyo naona watu hawajashuka. Mgeni aingie treni mchana, baina ya saa tano na saa tisa, asiingie asubuhi wala jioni. Aulize kama ni ya haraka au ya kusimama kila kituo, na aanze kusogea mlangoni vituo viwili kabla ya chake, maana atakayengoja treni isimame ndipo ainuke, atashushwa na Mwenyezi Mungu anapojua Yeye. Yako mabehewa ya wanawake peke yao, na mwanamume aangalie alama. Bajaji zimo kwa wingi upande wa kaskazini, lakini hazivuki kuingia kusini mwa mji, ambako teksi nyeusi zenye paa la manjano ndizo zilizozoeleka.

Kwenye vituo hivyo hivyo nilipenda sana kuwatazama wale wachukuzi wa chakula, wenye kofia nyeupe, ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakichukua vyakula vilivyopikwa majumbani na kuvifikisha maofisini, kila kimoja kwa mwenyewe, na vyombo vitupu wakavirudisha jioni. Chombo huitwa dabba, neno ambalo ni ndugu wa debe letu. Wengi wao hawakusoma sana. Hufuata rangi na alama zilizoandikwa kifunikoni, kituo cha kutoka, kituo cha kufika, jengo, ghorofa. Nilisimama Churchgate karibu saa nzima nikingoja nione mmoja akikosea, nami ndimi niliyekosa miadi.

Kuna habari moja ambayo haichekeshi, nami nataka yule kijana wangu aisikilize vizuri, kwani ni ya mbaazi. Sisi pwani tunazijua mbaazi. Tunazipika kwa nazi, tunazila na mahamri asubuhi, na kwa hiyo twadhani tunamjua mla mbaazi. Lakini kwao mbaazi zilizopasuliwa, waziitazo tur, ni chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu, na bei yake ikipanda serikali hutikisika. Mavuno yao yalipokuwa haba mwaka 2015, bei ilipaa, na wakulima wa Tanzania, Msumbiji, Kenya na Malawi wakalima kwa bidii, kuanzia Babati mpaka Mtwara, wakijua kwamba mnunuzi yupo na anajulikana. Msimu uliofuata India ikavuna kwa wingi mno, na Agosti 2017 serikali yake ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Kwetu magunia yalikuwa yamekwisha jazwa. Bei ikaanguka hata wako waliosema afadhali kumpa ng'ombe kuliko kulipa gari la kuzipeleka sokoni. Hakuna aliyevunja mkataba, wala hakuna aliyedanganya. Ila sisi tulisoma mavuno yetu tukaacha kuyasoma yao. Mwenye kupeleka nafaka Bombay na asikilize habari za mvua za Maharashtra na Karnataka kama asikilizavyo za wilayani kwake.

Na ikiwa nia si kuzuru bali kuhamia, kufungua ofisi na kukaa, basi ajue mambo mawili matatu. Viza ya biashara huombwa kwa njia ya intaneti, na atokaye Kenya, Uganda au Kongo asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, asije akawekwa karantini kabla hajauona mji. Nyumba hupangwa kwa mkataba wa miezi 11, kwa sababu za kisheria ambazo kila dalali atakueleza kwa namna yake. Amana ya miezi kadhaa hutakiwa mbele, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja au karibu na hapo. Ziko nyumba ambazo wenyewe hawataki mla nyama, na hapa pia usitegemee sura, maana utakaribishwa kwa tabasamu pana na kuambiwa kwamba nyumba imekwisha chukuliwa. Mimi niliambiwa hivyo mara tatu kwa siku moja, na katika mara ya tatu harufu ya rangi mpya ilikuwa bado haijatoka ukutani na funguo zilikuwa mlangoni. Sikuona faida ya kugombana. Nikarudi upande wa Mohammed Ali Road, ambako mtu husikia adhana, hula mshikaki bila ya kuulizwa, na siku ya Alhamisi jioni akipenda hutembea mpaka kwa Haji Ali, kaburi lililo kisiwani, ambako maji yakijaa njia hufunikwa na aliyeko ndani hana budi kungoja yatoke.

Yule mzee nimefanya naye biashara kwa miaka mingi. Sitamtaja jina, maana hapendi kutajwa. Baba yake alizaliwa Unguja, akarudishwa Kutch akiwa mdogo, na katika sanduku la nyumbani kwao mlikuwa na kitabu cha hesabu chenye majina ya watu wa Malindi na Funguni waliokuwa wakidaiwa, wengine kwa anna chache tu, vipande vya rupia, na deni halikufutwa. Aliniuliza siku moja kwa mzaha kama nawajua watoto wao.

Mara ya mwisho nilipomuaga, alikuwa amedhoofika, haendi tena ofisini ila Jumamosi, na wajukuu ndio wanaoendesha kazi kwa simu zao za mkononi. Tulikaa barazani kwake, akawa ananiuliza maneno, mchezo wetu wa siku zote, yeye anatoa lake na mimi natoa letu, tukitafuta yanayofanana. Tukamaliza gari, tukamaliza pesa, tukacheka tena juu ya mama wa Surat. Kisha akajipiga kifuani kidogo, akasema kwamba yeye katika maisha yake amekuwa na kazi moja tu, babu yake alikuwa nayo na babu wa babu yake, na jina lake ni vepari, mtu wa tijara. Je, Waswahili mnasemaje?

Nikamwambia, "Tunasema bepari."

Alifurahi kama mtoto. Akamwita mjukuu wake aje asikie, akalirudia mara mbili tatu, bepari, bepari, akachukua kalamu akaliandika katika kijitabu chake kwa herufi za Kigujarati. Halafu akaniuliza, kwenu mtu akiitwa hivyo, ni mtu wa namna gani?

Nikaziona zile kuta za skuli tulizozipaka maandishi tukiwa vijana, na nyimbo tulizoziimba kwenye magwaride. Nikaiinua bilauri yangu ya chai, nikanywa kidogo, nikamwambia ni mtu mwenye mali.